Chujio nililolifuta ubaoni

Kwa miaka mingi nimekuwa nikichora ubaoni mstari wenye matundu na kuwaambia wanafunzi kwamba utando wa seli ni kama chujio: vidogo hupita, vikubwa hubaki. Mfano huo ni mwepesi kukumbukwa, na sikuwahi kuutilia shaka hadi juzi, mwanafunzi mmoja ambaye kwa kawaida hukaa kimya nyuma ya darasa aliponyosha mkono na kusema: "Mwalimu, ayoni ya sodiamu ni ndogo sana kuliko homoni za steroidi ulizotufundisha muhula uliopita. Mbona homoni zinajipitia zenyewe, na sodiamu inasubiri kufunguliwa mlango?" Nilimwambia tutalizungumza kipindi kijacho. Kipindi hicho ni kesho asubuhi.

Jibu nilikuwa nalo siku zote, ila sikuwahi kuliweka kando ya mfano wangu nikaona jinsi viwili hivyo visivyopatana. Utando umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta zenye kichwa na mikia, na unene wake wote haufiki nanomita 10. Vichwa vya molekuli hizo, vinavyopenda maji, huelekea nje na ndani ya seli, ilhali mikia yake ya mafuta hujificha katikati. Kwa hiyo kitu kinachotaka kuingia hakikutani na tundu, kinakutana na mafuta. Oksijeni na kaboni dioksidi huyeyuka humo na kutokea upande wa pili bila kusaidiwa. Homoni za steroidi, japo ni kubwa, ni za ukoo wa mafuta, nazo hupita. Sodiamu hapa ni ayoni, yaani atomi yenye chaji ya umeme, na kwa sababu ya chaji hiyo huzungukwa na molekuli za maji zinazoing'ang'ania. Ili izame katika mafuta ingebidi ivue vazi hilo la maji, na nishati ya kulivua ni kubwa mno. Kinachoizuia ni chaji yake, wala si ukubwa.

Nilipofika hapo nilikumbuka jambo linalolivunja chujio langu zaidi. Utando una protini zinazouvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baadhi yake ni mifereji ya potasiamu. Mifereji hiyo hupitisha potasiamu kwa kasi ya ajabu, lakini huikataa sodiamu, ambayo ni ndogo kuliko potasiamu! Hakuna chujio duniani lenye tabia hiyo. Roderick MacKinnon na wenzake walipochapisha umbo la mfereji wa aina hiyo mwaka 1998, sababu ilionekana wazi: sehemu nyembamba ya mfereji imezungushiwa atomi za oksijeni zilizopangwa kwa nafasi zilezile ambazo maji huizunguka potasiamu. Potasiamu huvua maji yake na kupokewa na oksijeni hizo bila hasara. Sodiamu, kwa udogo wake, haiwezi kuzigusa zote kwa pamoja, hivyo kwake kuvua maji hakuna faida, na hubaki nje. Udogo ndio unaoikwamisha. Nimewahi kuyasoma haya, na bado niliendelea kuchora matundu.

Nilijifariji kidogo kwa kisa cha Evert Gorter na François Grendel, waliotoa mafuta ya seli nyekundu za damu mwaka 1925, wakayatandaza juu ya maji na kukuta yanafunika eneo karibu mara mbili ya uso wa seli zenyewe, wakahitimisha kwamba tabaka ni mbili. Baadaye ilibainika kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na kwamba eneo la seli walilikadiria chini ya kiwango chake; makosa hayo mawili yalifutana, na hitimisho likasimama. Mimi kosa langu ni moja tu, kwa hiyo halina mwenzake wa kulifuta.

Msambao na osmosisi sitavirudia kesho, maana wanafunzi wanavijua vizuri. Nitakaa zaidi kwenye pampu ya sodiamu na potasiamu, ile ambayo Jens Christian Skou aliieleza mwaka 1957 baada ya kuchunguza neva za kaa. Kwa kila molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo inayobeba nishati ya seli, pampu hii hutoa ayoni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu, kinyume cha mwelekeo ambao ayoni hizo zingeufuata zikiachwa huru. Tofauti ya ukolezi inayopatikana kwa njia hiyo ndiyo akiba inayoendesha mengine. Katika utumbo mwembamba, sodiamu inayotaka kurudi ndani ya seli huingia pamoja na glukosi kupitia protini moja, na maji hufuata nyuma yake. Ndiyo sababu mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kumnywesha mgonjwa wa kuhara, kwa kanuni iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa kila lita. Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu, na hata nishati inayotoa si sababu kuu. Bila yake sodiamu nyingi ingebaki kwenye utumbo, na maji pamoja nayo.

Mfano wa chujio hauna nafasi ya pampu hata kidogo, kwa kuwa chujio halichoki wala halihitaji kulishwa. Utando unahitaji. Damu inayohifadhiwa kwenye jokofu hulionyesha hili vizuri kuliko mchoro wowote nilionao: baridi huidhoofisha pampu, lakini haizuii uvujaji, hivyo siku zinavyopita potasiamu hutoka taratibu ndani ya seli nyekundu na kuongezeka katika majimaji yanayozizunguka. Seli hazijapasuka, na hakuna aliyezitoboa.

Kesho nitaufuta ule mstari wenye matundu, nichore mfuko wa damu, kisha nimwulize yule mwanafunzi wa nyuma potasiamu ile imetoka wapi na kwa nini inatoka wakati wa baridi.