Deni Letu kwa Majirani wa Ituri

Mwaka jana, katika baraza la gombolola letu (yaani kata yetu) lililofanyika chini ya miembe nje kidogo ya jiji la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Tulikuwa tumekwisha kuzungumzia barabara, kisima kilichokauka, na dawa zinazomalizika katika kituo cha afya kabla mwezi haujafika katikati. Yeye akasema: "Nimesikia redioni kwamba serikali yetu inailipa Kongo mamilioni ya dola kwa sababu ya vita. Fedha hizo zinatoka katika mfuko wa nani? Na yule wa kule aliyechomewa nyumba, amepata ngapi?" Ofisa aliyeongoza kikao alitabasamu, akasema kuwa swali hilo ni la Kampala wala si la gombolola, kisha akarudi kwenye kisima.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao hicho, na nililiandika swali lile kama lilivyoulizwa. Vikao hivi vilianzishwa na Ofisi ya Waziri Mkuu mwaka 2009 ili wananchi wawahoji watumishi wa umma ana kwa ana, tena vikapewa jina la Kiswahili, baraza. Kama neno lina maana yake, basi barazani hakuna swali la raia linaloweza kuambiwa kwamba limepotea njia. Baada ya kikao watu saba tulibaki tumekaa na yule mzee, na tangu siku hiyo tumekuwa tukikutana kila baada ya wiki mbili kulitafutia swali lake jibu. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyapata hadi sasa.

Kwanza ilitubidi kuzitenganisha mahakama. Kwetu mtu akisema "The Hague", watu wote humfikiria Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na kamanda wake Dominic Ongwen, aliyehukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Mei 2021. Hiyo ni Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ambayo hushtaki mtu mmoja mmoja. Aliyoisikia mzee redioni ni nyingine, iliyo katika mji huohuo: Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambamo nchi huishtaki nchi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilifungua kesi yake dhidi ya Uganda tarehe 23 Juni 1999, wakati majeshi yetu yakiwa bado ndani ya ardhi yake, na hukumu ikatolewa tarehe 19 Desemba 2005. Mahakama ilisema kwamba Uganda ilivunja kanuni inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, kwamba ilikuwa ikiikalia Ituri, eneo la Kongo linalopakana nasi, na kwa hiyo ilipaswa kuwalinda wakazi wake, na kwamba haikuzuia uporaji wa maliasili uliofanywa na wanajeshi wake. Kongo nayo haikutoka bila doa, kwani ilionekana kuwa na hatia kwa mashambulizi yaliyofanywa dhidi ya ubalozi wetu mjini Kinshasa, jambo ambalo wenzangu wawili hupenda sana kulikumbusha.

Nchi hizo mbili ziliachiwa zikubaliane kiasi cha fidia, zikashindwa kwa miaka mingi, hadi shauri likarudi mahakamani. Tarehe 9 Februari 2022 majaji walitaja kiasi: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto walioingizwa vitani na waliokimbia makwao. Milioni 40 ni kwa ajili ya mali. Na milioni 60 ni kwa ajili ya dhahabu, almasi, mbao na maliasili nyingine. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Malipo yalipangwa kwa awamu tano za dola milioni 65, kila tarehe 1 Septemba kuanzia mwaka 2022 hadi 2026, na fedha zikichelewa zinatozwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka.

Nilipoibadilisha awamu moja kuwa shilingi zetu, kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, nilipata takriban bilioni 240. Mama mmoja katika kikundi chetu, anayeuza samaki wakavu sokoni, aliniomba niirudie hesabu ile. Niliirudia. Akauliza: "Na hawa waliokwenda kuchimba dhahabu ya watu, wao wanachanga ngapi?" Sikuwa na la kumjibu, maana katika sheria ya aina hii mdaiwa ni nchi, na nchi ikidaiwa hulipa kwa kodi, na kodi hiyo imo hata katika sabuni anayonunua mama huyu. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba sheria ya kimataifa, ambayo tumezoea kuidhani ni mambo ya mabalozi na suti zao, imekuwa ikiingia mikobani mwetu bila kubisha hodi. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, nasi bado hatujafika huko. Vita vilivyoanza mwaka 1998, ambavyo hakuna baraza hata moja lililoulizwa kuvihusu, vinagombania sarafu ileile na panadoli ya kituo chetu cha afya.

Kutokana na hesabu hiyo, baadhi ya wenzangu walisema kwamba kikundi chetu kidai serikali isilipe. Tulibishana jioni mbili nzima. Kijana mmoja mwendesha boda boda alisema, kwa hoja isiyokosa uzito, kwamba yeye hakuwa amezaliwa jeshi lilipovuka mpaka, na mtoto harithi kesi ya baba yake. Aliyeumaliza ubishi ule ni mzee mwenyewe. Alitukumbusha kwamba Amin alipoanguka mwaka 1979, na kisasi kilipoifikia West Nile, eneo letu hili alikotoka Amin, mwaka uliofuata, yeye na mke wake walivuka mpaka kwa miguu hadi Aru, ambayo ni sehemu ya Ituri. Huko walipewa shamba la kulima na watu wanaozungumza Kilugbara kama wao, mpaka ule ukiwa ni mstari tu uliopita katikati ya koo. Walikaa miaka sita. Binti yao wa pili alizaliwa huko. "Walitupa jembe," alisema, "nasi baadaye tukawapelekea bunduki. Mimi sitaki tusilipe. Nataka kujua kama kinacholipwa kinamfika aliyenipa jembe."

Baada ya maneno hayo tuliacha kuzungumzia kutolipa, na ninaamini mzee alikuwa na haki kisheria pia. Katika hukumu ya 2022 kuna kifungu ambacho magazeti yetu hayakukijali: Mahakama iliipokea kwa furaha ahadi ya Kongo kwamba fidia itagawiwa waathiriwa kwa haki na kwa ufanisi kupitia mfuko maalumu, chini ya usimamizi wa vyombo ambavyo ndani yake wamo wawakilishi wa asasi za kiraia za waathiriwa. Mfuko huo una makao yake Kisangani, mji ambao mwezi Juni 2000 jeshi letu na la Rwanda lilipigana kwa siku sita katikati ya nyumba za watu. Kwa hiyo kuuliza kama fedha zimefika si udadisi wa wapita njia, kwa kuwa mlipaji ana kila sababu ya kutaka kuona risiti.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa tafsiri. Hukumu hizo zipo kwa Kiingereza na Kifaransa, na katika kikundi chetu wanaosoma Kiingereza cha mahakama ni wawili, nami ni nusu ya mmoja wao. Tuliamua kutumia Kiswahili, kwa sababu ndicho pekee ambacho Mlugbara, Mnubi, Mkakwa na mfanyabiashara wa Ariwara, mji wa soko upande wa Kongo, wanaweza kukutania. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Wapo kati yetu ambao Kiswahili walikisikia mara ya kwanza kikitoka kwa askari wa vizuizi vya barabarani, kwa amri na matusi, na ingawa Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likakikubali tena mwezi Julai 2022, masikio ya watu hayarekebishwi kwa tangazo. Mama wa samaki alisema kwamba hakuwahi kusikia neno "fidia" katika Kiswahili cha Uganda. Alichokijua ni "leta", "kaa chini" na "kitambulisho". Tulikaa siku nzima tukitafuta namna ya kusema kwamba nchi imeikalia nchi nyingine kijeshi, hadi yule kijana wa boda boda akapendekeza tuseme "imejifanya mwenye nyumba", na tangu hapo kila mtu akaelewa kwa nini sheria inamdai ulinzi: aliyejifanya mwenye nyumba hulala mlangoni.

Kuhusu njia za kudai majibu, tulizonazo ni nyingi kuliko tulivyodhani, na karibu zote zina tarehe ya mwisho. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 1995 kinampa kila Mganda haki ya kushiriki kwa amani, kupitia vyama vya kiraia, katika kushawishi sera za serikali. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia aliyeomba. Na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika kifungu cha 30, unamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kwenda mwenyewe katika Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyo Arusha, kupinga kitendo cha serikali kinachokiuka Mkataba, ilimradi afike ndani ya miezi miwili. Waganda wameshaitumia njia hiyo: watu wenye silaha walipoizingira Mahakama Kuu ya Kampala mwezi Novemba 2005 ili kuwakamata upya washtakiwa waliopewa dhamana, James Katabazi na wenzake walipeleka shauri Arusha, na mwaka 2007 majaji walisema kwamba utawala wa sheria ulikiukwa. Kinachonivutia zaidi ni kwamba Kongo nayo ilitia sahihi kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022, miezi miwili tu baada ya amri ya fidia. Mdai na mdaiwa sasa wamo chini ya mkataba mmoja, na jirani yetu wa Aru anaweza kugonga mlango uleule wa Arusha ambao sisi tunaweza kuugonga.

Sitaki mtu adhani kwamba ninaamini karatasi peke yake. Mwezi Juni 2003, watoto wa Acholi walipokuwa wakitembea kila jioni kuja kulala mjini Gulu ili wasitekwe na waasi wa Kony, Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walikwenda kulala nao katika kituo cha mabasi kwa usiku nne. Viongozi haohao walikuwa wamepigania Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, na hati za kukamatwa kwa Kony na makamanda wake zilipotangazwa na Mahakama ya Makosa ya Jinai mwaka 2005 walizilalamikia, kwa hofu kwamba zingewafungia waasi mlango wa kurudi. Kwa maoni yangu hofu yao ilikuwa ya haki, na mahakama nayo ilikuwa na haki; nimeacha kutafuta nani alikosea. Ninachokiona ni kwamba walisikilizwa, hata na waliowapinga, kwa sababu walikuwa wamelala sakafuni pamoja na wenye shida. Kikundi chetu hakijalala popote. Tumekaa tu kwenye viti vya plastiki.

Hata hivyo, barua tuliandika. Ya kwanza ilikwenda katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na siku 21 zikapita, kisha siku 60, bila hata neno la kukiri kuipokea. Nilipoisoma upya niliona sehemu ya kosa ilikuwa yetu: ilikuwa na kurasa nne, ilianza na historia ya ukoloni, na swali lenyewe lilijificha katika ukurasa wa tatu. Barua ya pili ilikuwa na maswali mawili tu. Tuliuliza ni awamu zipi zimelipwa na kwa tarehe zipi, na kama serikali ya Uganda imewahi kuiomba Kongo taarifa ya namna fedha hizo zinavyogawiwa. Nakala moja tulimpelekea mbunge wetu kwa mkono, tukaondoka na muhuri wa kupokelewa, na leo ni siku ya 14.

Ijumaa iliyopita mzee alikuja nyumbani kwangu, akiwa na simu mkononi. Alikuwa amezungumza na mtoto wa yule aliyemgawia shamba, ambaye sasa ni mtu mzima huko Aru. Nyumba yao ilichomwa wakati wa vita vya Ituri, na hakuna mtu katika familia hiyo anayejua ajiandikishe wapi. Mzee alitaka nimwandikie barua nyingine, si kwa Kampala safari hii bali kwa ule mfuko wa Kisangani, kuuliza mtu wa Aru afuate utaratibu gani na apeleke ushahidi gani. Niliiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa upande ule ni moja ya lugha nne za taifa. Aliisoma polepole, akafuta neno "waathiriwa", akaandika juu yake majina matano ya watu. Nakala ya kwanza imeondoka asubuhi hii na dereva wa lori anayepeleka saruji Bunia, mji mkuu wa Ituri.