Siku moja jikoni Lubumbashi: kila chakula na saa yake

Napika nyumbani kwangu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na chakula cha mchana nakipeleka mjini kwa watu wa biro (ofisi). Wengi wao ni wageni, na swali lao ni lile lile: "Mama, wapi nitakula vizuri?" Na mimi nawauliza: saa ngapi? Lubumbashi haikosi mama anayejua sombe (kisamvu) wala baba anayejua michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma), lakini kila chakula chetu kina saa yake. Ukikifuata nje ya saa hiyo utaondoka na sifa mbaya ambayo hakistahili. Kwa hiyo naandika siku yangu ya kazi, ya mwezi wa saba, tangu alfajiri mpaka usiku, na katikati yake nitataja ninavyopika na ninakokula.

Saa 10 na nusu alfajiri

Huu ni wakati wa baridi. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba mtu haendi uani bila koti. Nawasha mbabula, jiko letu la makala (makaa), nje, na makala yakishakuwa mekundu naweka sombe. Sombe ndiyo ya kwanza kila siku, kwa sababu ndiyo isiyokubali haraka.

Majani nimeyasagisha sokoni jana jioni. Wengine wanaona kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu ni mazoea tu ya bibi zetu. Sivyo. Majani mabichi ya muhogo yana kitu kinachotoa sumu ya sayanidi. Kutwanga kunaifungua hiyo sumu, na moto unaipeperusha pamoja na mvuke. Ndiyo maana sufuria yangu haifunikwi saa nzima ya kwanza: ukifunika, unachotaka kitoke unakirudisha ndani. Wengine hutia bikaboneti (soda ya kuokea) mapema ili majani yalainike upesi. Yanalainika kweli, lakini yanateleza mdomoni na kubaki na ladha ya sabuni. Naomba sana msifanye hivyo.

Maji yakipungua, natia vitunguu, bilinganya iliyokatwa ndogo na mawese. Mawese yanahitaji kuchemka na majani nusu saa au zaidi. Ukiyatia mwishoni, atakayekula ataonja mafuta pembeni na majani pembeni. Karanga za kutwanga zinafuata, na kuanzia hapo siondoki karibu na mwiko, maana karanga hukamata chini mara moja. Chumvi ni ya mwisho kabisa.

Sombe iliyoanza alfajiri inafikia utamu wake kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Ukiwa sokoni unatafuta pa kula, pita asubuhi uangalie sufuria za akina mama. Yule ambaye sombe yake iko motoni tangu mapema, rudi kwake mchana.

Saa 12 asubuhi

Namwachia binti yangu mwiko, naenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Asubuhi hii ni ya samaki wa thomson. Anakuja amegandishwa kwenye katoni, wengi wakitoka bahari ya Namibia na kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Njia ni ndefu, na si kila katoni imeitembea kwa usalama. Nafika mapema ili katoni ifunguliwe mbele yangu. Naangalia tumbo kwanza. Likiwa zima na gumu, nanunua. Likiwa limepasuka au linabonyea wakati mgongo bado una barafu, huyo aliwahi kuyeyuka akagandishwa tena, na hakuna pilipili itakayomwokoa. Halafu nainua shavu: nataka wekundu, sitaki udongo. Ikifika saa 4, samaki wa mezani ameshayeyuka na jua limempiga, na macho hayakusaidii tena kujua alitoka vipi.

Hapo hapo kwenye lango la soko nakunywa chai na maandazi. Maandazi ni chakula cha kabla ya saa 1. Mnunue kwa mama ambaye bado anakaanga, si kwa aliyekwisha kufunika beseni.

Unga nanunua kwa meka, kipimo chetu cha sokoni. Sisi watu wa huku ni watu wa bukari (ugali) ya mahindi, na jambo hilo lina historia: Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga wa mahindi, na midomo ya mji mzima ikazoea. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mahindi yetu inatoka Zambia, na Zambia ikizuia unga usitoke, bei ya meka inapanda haraka. Siku hizo ndizo zimewafundisha wengi kuchanganya na unga wa muhogo. Mimi nachanganya hata bei ikiwa nzuri, maana naipenda zaidi hivyo.

Saa 3 asubuhi

Thomson nimemwosha, nimemkata, nimempaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Kabla ya kukaanga nampangusa kila kipande kwa kitambaa kikavu. Watu wanalalamika samaki anang'ang'ania karai, wanalaumu karai. Ni maji ya ngozi. Kausha ngozi, mafuta yapate moto wa kutosha, kisha weka kipande na usikiguse mpaka kiachie chenyewe.

Maharagi yalilala kwenye maji, yanaiva bila kunisumbua.

Saa 5

Bukari. Hapa nawafukuza watoto jikoni.

Maji yakikaribia kuchemka natia unga kidogo wa mahindi, napata uji mwepesi, nauacha uchemke vizuri. Wengi wanaruka hatua hii na ndiyo inayofanya bukari iwe na harufu ya unga mbichi. Uji ukishaanza kurusha matone, naongeza mahindi nikisonga. Unga wa muhogo unaingia mwisho, fungu moja kwa mafungu mawili ya mahindi. Ukiutia mapema unakuwa gundi na mwiko hauzunguki tena. Baada ya hapo ni nguvu za mkono: nasukuma donge kwenye ukuta wa sufuria, naligeuza, nalisukuma tena, mpaka lianze kung'aa na kuachia sufuria lenyewe. Napunguza moto, nafunika kidogo, halafu nasonga mara ya mwisho.

Bukari nzuri ukiimega haibaki vidoleni. Hicho ndicho kipimo pekee ninachokiamini, na ukienda kwenye mgahawa wowote wa mji huu, anza kwa kuimega bukari kabla hujatazama nyama.

Saa 6 mchana

Chakula kikiwa moto nakitia kwenye termos, naenda mjini. Nagawa sahani, nakusanya sahani. Kijana mmoja mpya wa biro, mtu wa Kinshasa, ananiambia, "Mama, niongezee sombe, samaki achana naye." Namwongezea kwa furaha.

Saa 8 mchana

Sasa na mimi nakula, na nikiwa na faranga mfukoni narudi soko la Kenya kula kikanda. Wageni wanaiona mezani, kahawia, imekatwa vipande, wanadhani ni soseji. Haina nyama hata kidogo. Ni viazi vidogo vya okidi za porini, vilivyokaushwa na kusagwa, vikapikwa na karanga, chumvi, pilipili na bikaboneti kidogo (huku ndiko mahali pake, ndiyo inayoifanya ishikane). Inasongwa mpaka inakuwa nzito, kisha inafunikwa na makala yanawekwa juu ya kifuniko ili upande wa juu nao uive na kuwa na ganda.

Inapikwa asubuhi, na ikiwa moto haifai: inavunjika, na bikaboneti inasikika. Inapaswa kupoa taratibu mpaka mchana. Ukiibonyeza kwa kidole inarudi, ukiikata ndani ni laini, rangi moja, na karanga inanukia kabla hujaitia mdomoni. Kikanda nyeupe-nyeupe inayobaki na alama ya kidole imeongezwa unga mwingine. Iache.

Nawaambia pia jambo linaloniuma kuhusu chakula hiki. Okidi hizi hazilimwi. Ukichimba kiazi, mmea wote umekufa, na maporini viazi vinazidi kuwa adimu. Soko la upande wa Zambia limefika hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya Kitulo ilifunguliwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, zikiwemo okidi. Mimi nimeacha kuila kila siku. Nanunua kipande, nakula taratibu, na ninamchagua mama anayeipika bila kudanganya, kwa sababu kiazi kilichogharimu mmea mzima hakistahili kuharibiwa kwa unga wa ngano.

Saa 10 jioni

Njiani kurudi Katuba, munkoyo. Ni uji wa mahindi uliotiliwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ndiyo inayogeuza wanga kuwa sukari, na baadaye unachachuka wenyewe. Wa siku ile ile ni mtamu, unawafaa watoto. Wa kesho yake una ukali mwembamba ulimini, na huo ndio wangu. Baada ya hapo unakuwa mchungu na kulevya. Muulize muuzaji alipika lini, naye ajibu bila kufikiri. Na ukipika mwenyewe, subiri uji upoe hadi mkono uvumilie ndipo utie mizizi. Ukiwa moto sana mizizi inapoteza nguvu na utabaki na uji tu.

Saa 1 usiku

Mume wangu anaporudi kazini tunakwenda wakati mwingine Kamalondo kula michopo. Nyama ya mbuzi iliyochomwa, inakatwakatwa mbele yako na kuwekwa juu ya karatasi pamoja na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili. Saa 11 jioni ni mapema, nyama iko nusu na mchomaji anataka tu kuanza kuuza. Saa 4 usiku imekaukia motoni. Kati ya saa 1 na saa 2 na nusu ndiyo nafasi yenu, isipokuwa Mazembe, timu yetu ya mpira, wakicheza nyumbani: siku hiyo nendeni kabla ya mechi, kwa maana baada ya hapo mtapewa mifupa.

Omba mbavu na kipande cha paja pamoja. Mbavu peke yake ni mafuta, paja peke yake ni kavu. Na mwambie, "Papa, usinikatie ya baridi, nikatie iliyo motoni." Hatakasirika. Anayejua kazi yake anapenda mteja wa namna hiyo.

Saa 3 usiku

Kesho ni vitoyo. Hawa ni samaki wa chumvi wa ziwa Moero na mto Luapula, wanaletwa kutoka upande wa Kasenga. Nawakata kichwa, nawasugua kwa maji ya vuguvugu, kisha nawalaza kwenye maji baridi. Maji ya kwanza nayamwaga kabla ya kulala, ya pili nayamwaga nikiamka kuweka sombe. Msitie chumvi yoyote kwenye mchuzi wake mpaka muwe mmeonja. Nyanya nyingi, vitunguu vingi, na wafike mezani saa 6 wakiwa na bukari ya moto.