Bustani ya Ahabu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Bamia haina subira. Jumatatu unaiacha ikiwa saizi ya kidole, Jumatano ile iliyojificha chini ya jani imeshakomaa, kisu hakiingii. Wiki hii nimechuma kila asubuhi kabla jua halijachomoza sawasawa, mikono inaniwasha mpaka mchana, na bado kila nikiinua jani nakuta nyingine. Nyanya nazo zimeiva kwa mkupuo. Mchicha nimekata mara ya tatu. Bado nyanya chungu, bado hoho, bado matembele yanayotambaa kama yametumwa. Na hii ni Dodoma, mwezi wa nane! Porini majani yote yamekauka, upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya sufuria, halafu nyuma ya jiko langu kuna kipande kibichi cha hatua kumi kwa sita.

Nilikuwa nimepanga kuandika ushuhuda wa shukrani. Kisha ratiba yetu ya kusoma Neno ikanifikisha 1 Wafalme 21, nikafunga Biblia, nikaifungua tena kuhakikisha kama nimesoma vizuri.

Habari ya shamba la Nabothi tumeisikia tangu shule ya Jumapili. Tunamkumbuka Yezebeli, mke wa mfalme Ahabu, na zile barua zilizopigwa muhuri wa mfalme, mashahidi wawili wa uongo, mawe, mbwa. Mambo ni makubwa mno mpaka tunasahau yalianzia wapi. Ahabu alitaka nini? Hakutaka dhahabu wala mji. Alitaka bustani ya mboga. Imeandikwa hivyo, aya ya pili. Mfalme mwenye makao Samaria na Yezreeli, ambaye sura inayofuata inatuambia alijenga nyumba ya pembe za ndovu, aliona shamba la mizabibu la jirani liko karibu na kwake, akawaza mboga. Mtu akapigwa mawe hadi kufa kwa ajili ya kitu ambacho sokoni kinapangwa mafungu mafungu juu ya kiroba.

Na aliomba kwa adabu. Zamani nilikuwa nadhani alianza kwa vitisho, kumbe hapana. Alisema atampa Nabothi shamba lingine zuri kuliko lile, au kama anapenda fedha, atamlipa thamani yake. Tuseme kweli, leo tungeliita hilo dili safi. Nabothi ndiye angeonekana mkorofi. Yeye akajibu kwamba Bwana apishe mbali asije akautoa urithi wa baba zake, na nyuma ya jibu hilo iko sheria ya Walawi 25:23, kwamba ardhi isiuzwe kwa kudumu kwa sababu mwenyewe ni Mungu, na sisi kwake ni wageni.

Hapa naona sisi wa Dodoma tumebahatika. Mwenzetu wa Pwani anaweza kusoma "mizabibu" akapita tu. Aliyekulia Bihawana au Hombolo hawezi. Anajua kwamba kijiti unachochomeka leo hakikupi kitu mwaka huu, na mwaka ujao bado unakibembeleza, unakiwekea nguzo na waya, unakata matawi kwa moyo mgumu. Kikishika ndipo kinazaa miaka na miaka, na kwetu kinazaa mara mbili kwa mwaka. Mchicha je? Wiki tatu uko mezani. Kwa hiyo Ahabu alikuwa tayari kung'oa kazi ya vizazi apate kitoweo cha karibu na mlango. Mimi hilo ndilo lililonishika kwanza, kabla hata ya damu.

Lipo na la pili. Katika Kiebrania, maneno hayo "bustani ya mboga" yanakuja mahali pawili tu. Mahali pengine ni Kumbukumbu la Torati 11:10, pale Musa anapowaambia watu kwamba nchi wanayoiendea si kama Misri, walikopanda mbegu na kuzitilia maji kwa mguu kama bustani ya mboga. Nchi hiyo mpya ni ya vilima na mabonde, inakunywa mvua ya mbinguni.

Kwa mguu! Wataalamu wana maelezo yao, mimi nina kisigino changu. Nikimwaga dumu kwenye kijifereji kati ya matuta, maji yanakwenda mpaka tuta la nyanya, nakanyaga tope kuziba, nafungua upande wa pili kwa kisigino, maji yanageuka. Siku ya mgao najaza simtank usiku, nyingine naweka kwenye madumu. Siku isiyo ya mgao maji ya kuoshea mchele hayamwagwi, yana kwao. Ndiyo maana wakati wa masika sijawahi kujisifia mchicha. Mvua inanyesha kwa wote, hata kwa mvivu mchicha pori unaota mlangoni. Lakini kijani cha kiangazi kila jani nalijua bei yake kwa madumu. Ukiinama pale asubuhi unasikia sauti ndani yako inasema, hii nimeifanya mimi. Na anayesema hii nimeifanya mimi hachukui muda kuanza kutazama ng'ambo ya uzio.

Sasa nifike nilikokuwa nakwepa kufika.

Kati ya jiko langu na nyumba ya bibi jirani yangu kuna mizabibu 11 iliyozeeka. Iko upande wake. Maji ya bafuni kwangu yanateremkia huko, kwa hiyo udongo wa pale una unyevu mwaka mzima, ukiushika unashikana. Mwaka jana mwezi wa sita nilichukua sukari kilo moja nikaenda kumsalimia. Nikamwambia, "Bibi, hii mizabibu imechoka. Niuzie hicho kipande. Au nikupe kile changu cha mbele, ni kikubwa zaidi." Naapa nilikuwa sijaisoma 1 Wafalme 21 kwa miaka mingi.

Akacheka. Akasema, "Mjukuu wangu, hiyo aliipanda babu yako. Mimi nalala nikiisikia." Kisha akanipa kiti, tukaongea mengine.

Nilirudi nyumbani nikasema kichwa kinauma. Nikalala nimegeukia ukutani, sikula. Juzi nilipofika aya ya nne, Ahabu anajilaza kitandani, anageuza uso, anakataa chakula, ilikuwa kama mtu ameniita jina langu la nyumbani. Mume wangu, Mungu ambariki, hakuwa Yezebeli. Aliuliza mara moja tu, nilipomweleza akasema, "Basi kula ulale."

Yezebeli alikuja siku ya tatu, kwa sura ya rafiki mwema tuliyekutana sokoni. Aliniuliza swali moja la kawaida kabisa: "Kwani huyo bibi ana hati?"

Mnaoishi mji huu mnajua uzito wa swali hilo. Tangu serikali ihamie, viwanja vinapimwa na kurasimishwa, na wazee wengi waliokaa mahali tangu ujana wao wana mashahidi na makaburi, hawana karatasi. Sikwenda ofisi yoyote. Sikuandika barua yoyote. Lakini lile swali sikulirudisha kwa mwenyewe siku ile ile, nilikaa nalo. Nilikuwa nalo jikoni, nilikuwa nalo ibadani tukiimba. Wiki mbili nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisikutane na bibi, maana yeye hasubiri shikamoo yangu, ananiita kwa mbali kabla sijamwona. Mnisamehe wale mnaonijua kama mama wa maombi.

Tunapoisoma sura hii huwa tunaishia kwenye mbwa. Naomba wiki hii tusome mpaka aya ya 29. Ahabu aliposikia hukumu iliyoletwa na nabii Eliya alirarua mavazi, akavaa gunia, akafunga, akatembea kinyonge. Na Mungu aliliona, akamwonyesha Eliya. Ahabu huyo huyo! Siwezi kusema alibadilika kabisa, sura ya 22 hainiruhusu. Nasema tu kwamba Mungu alihesabu hata ile hatua. Tena kuna jambo Biblia imenyamazia: hakuna mahali inaposema mboga zilipandwa. Ahabu aliteremka kulimiliki shamba, Eliya akamkuta humo humo, na habari za mboga zikaishia hapo.

Jana jioni nilimpelekea bibi beseni la bamia na mchicha. Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo, nimelipanga njiani nzima, ingawa njia yenyewe ni hatua ishirini. Hakunipa nafasi. Alikaa kwenye kigoda, akaweka beseni mapajani, akaanza kuvunja ncha za bamia moja moja. Ncha ikilia ta! anairudisha. Ikipinda bila kuvunjika anaiweka chini kwenye kanga. Zikafika sita.

"Hizi umechelewa," akasema. "Ziache zikauke, ni mbegu."

Nikamwambia, "Bibi, mwaka jana nilikukasirikia."

"Nilijua," akajibu, macho yako kwenye beseni. "Ulikuwa unapita nyuma. Kesho njoo mapema na ndoo, tuchume zabibu za upande wa kwako kabla ndege hawajaamka."