Biskuti za siagi zilizokuwa zikitanuka

Nilikuwa nasoma riwaya ya upelelezi inayotokea ndani ya duka la mikate, na kila sura ikanitia hamu ya biskuti za siagi za Kiskoti. Nikaingia jikoni: sukari gramu 100, siagi 200, unga 300. Mara mbili zilitanuka zikashikana trei nzima. Kumbe siagi ilishalainika kwa joto la Dar kabla sijawasha oveni. Kidole kilizama chenyewe. Mara ya tatu nilichukua siagi ya baridi, nikakata donge vipande, nikaiweka trei kwenye friji dakika 30, ndipo nikaoka kwa nyuzi 160. Zikatoka na kingo zake, matundu niliyotoboa kwa uma yote yanaonekana. Sahani iliisha kabla muuaji hajajulikana.