Hamira ya laga, kutoka baridi ya Leeds hadi joto la Nanyamba

Desemba iliyopita nilirudi likizo nyumbani kwa mjomba, Nanyamba, mkoani Mtwara, nikiwa na makopo mawili ya kimea cha laga sandukuni, yaani shira nzito ya nafaka ya kupikia nyumbani laga, bia inayochachushwa kwenye baridi. Mjomba alikuwa anamalizia mabibo ya mwisho ya msimu, na ua mzima ulinukia uraka, pombe ya mabibo. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alilichukua kopo moja, akabandua kifuniko cha plastiki cha juu na kutoa kipakiti cha hamira kilichokuwa chini yake, gramu 7 tu. Alikitikisa karibu na sikio, kisha akaniuliza, "Mpwa wangu, hii ni ya pombe lita ngapi?" Nilipomwambia lita 23 alinyamaza kidogo. "Na kwa joto hili, imefika ikiwa hai?"

Swali hilo nilipaswa kujiuliza tangu mwaka wangu wa kwanza Leeds, Uingereza. Kimea kilichofungwa ndani ya kopo hustahimili kukaa muda mrefu, lakini hamira ni kiumbe hai, na kila mwezi inaokaa kwenye ghala lenye joto au kwenye rafu ya duka hupungukiwa nguvu. Isitoshe, makopo mengi yaliyoandikwa laga hayana hamira ya laga hata kidogo. Mtengenezaji hajui nyumba ya mnunuzi ina joto kiasi gani, kwa hiyo huweka hamira ya eli, aina nyingine ya bia, ambayo huchacha vizuri kwenye nyuzi 20 na kidogo zaidi, ili kopo lifanye kazi kwa watu wengi. Ndiyo maana mimi hununua hamira yangu kando, na ya kopo siitegemei.

Mwanzoni sikuyajua hayo. Nilisikia kwamba laga hupenda baridi, nikaiweka ndoo yangu ya kwanza kwenye banda la nyuma ya nyumba mwezi wa Januari, kipimajoto kikisoma nyuzi 9. Hamira ile ya kopo ililala chini ya ndoo kama uji ulioganda, na siku ya kumi bia ilikuwa bado tamu kama ilivyoanza. Mwaka uliofuata nilinunua hamira ya laga yenyewe, W-34/70, ambayo asili yake ni Weihenstephan nchini Ujerumani na ambayo mtengenezaji wake anashauri itumike kati ya nyuzi 12 na 18. Hapo nilikosea kwa namna nyingine: niliweka kipakiti kimoja cha gramu 11.5, nikaharakisha kujaza chupa, na bia yote ikanuka siagi.

Harufu hiyo ya siagi inatokana na diasetili, ambayo hamira huitoa inapochacha na kuila tena yenyewe mwishoni, mradi ipewe nafasi. Kwenye baridi hamira hufanya kazi polepole na huzaana kidogo, kwa hiyo laga ya lita 23 inahitaji vipakiti viwili, si kimoja, na bia inapokaribia kuiva ni vyema kuihamishia mahali penye nyuzi 16 hadi 18 kwa siku mbili au tatu kabla ya kuirudisha kwenye baridi kali ili itulie na kung'aa. Tangu nilipoanza kufanya hivyo sijaisikia tena siagi. Ukiweza kulipia jambo moja tu la ziada katika kazi hii, lipia kipakiti cha pili.

Hamira ya laga ina historia inayonivutia sana. Mwaka 1883, katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, Emil Christian Hansen alifanikiwa kuitenga hamira safi ya laga kutokana na chembe moja. Baadaye ilijulikana kuwa ni chotara: mzazi mmoja ni jamii ya hamira hii hii ya maandazi na mkate, na mzazi wa pili, anayependa baridi, watafiti walitangaza mwaka 2011 kwamba wamempata kwenye misitu ya Patagonia, Amerika ya Kusini. Asili hiyo ya baridi ndiyo inayoipa laga usafi wa ladha, na ndiyo inayofanya isifae kwenye chumba cha Nanyamba mwezi wa Desemba.

Stoo ya mjomba ilikuwa na nyuzi 30 alasiri. Hata hamira ya eli, ikichacha kwenye joto hilo, hutoa harufu ya ndizi zilizopitiliza na ukali unaochoma koo. Kwa hiyo nilikuwa nimebeba hamira ya Voss, ambayo ni mojawapo ya hamira za mashambani za magharibi mwa Norwei zinazoitwa kveik, na ambayo hustahimili hadi nyuzi 40. Haipendi kulishwa sukari tupu, hivyo badala ya kilo ya sukari inayoongezwa kwenye kopo niliongeza kilo ya kimea cha unga. Mjomba alipoinamia ndoo asubuhi ya pili na kuona povu limepanda hadi ukingoni, alisema, "Hii inakwenda kama uraka." Siku ya nne hidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, ilisoma 1.010, na siku mbili zilizofuata haikusogea, yaani bia ilikuwa imemaliza kuchacha. Bia ilikuwa safi, yenye harufu ya mbali ya chungwa. Sitaiita laga mbele ya mtu anayeijua laga, lakini ikishapoa kwenye friji inanyweka vizuri kuliko laga yangu ya siagi.

Kopo la pili nilimwachia mjomba, pamoja na kipimajoto, na tukakubaliana alipike Julai joto likipungua. Kila Jumapili ananisomea namba kwenye simu: wiki iliyopita stoo ilikuwa na nyuzi 21 alfajiri na 25 alasiri. Kwa laga bado ni joto mno, na Voss nayo itakuwa nzito kwenye ubaridi wa usiku. Nimemwagizia US-05, hamira ya eli yenye ladha tulivu inayofanya kazi kati ya nyuzi 18 na 26, na nimemwomba aiweke ndoo ndani ya karai la maji ili joto lisipande ghafla mchana. Binamu yangu anayekuja mwisho wa mwezi ndiye atakayeibeba, kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye sanduku.