Kumjua kijana wa nyota tano si kazi, kazi ni kumshika mpaka asaini

Watu wakisikia niko idara ya usajili ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu, hudhani kazi yangu ni kuibua vipaji vilivyojificha huko Texas na Georgia. Hakuna kilichojificha. Kijana mwenye kipaji cha kweli akifika darasa la 10, video zake ziko Hudl, mtandao wa video za michezo, tovuti kama 247Sports na On3 zimeshampa nyota za ubora, mwisho tano, na kocha wa shule yake ameshachoka kupokea simu za vyuo. Wanaopewa nyota tano kila mwaka ni thelathini na kitu nchi nzima, na vyuo vya daraja la juu, FBS, vimepita 130. Piga hesabu mwenyewe.

Tena mimi siruhusiwi hata kumfuata kwao. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanaoweza kutoka nje ya chuo kwenda kusajili ni kocha mkuu na wasaidizi wake 10. Sisi wengine tunabaki mezani na video, vyeti vya masomo, ratiba na orodha. Nitakayoeleza ni ya mezani hapo, maana wachezaji wengi hupotelea hapo kabla kocha hajapanda ndege.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu ni ubao wa majina. Tangu 2025, kwa vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya wa kuwalipa wachezaji, kikosi kizima hakizidi wachezaji 105. Naanza kwa kuhesabu wanaomaliza, wanaotarajiwa kuhama na wanaoelekea NFL, ligi ya kulipwa, kisha naweka nafasi kwa kila namba uwanjani. Kwotabeki, mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, ni mmoja tu kwa mwaka, kwa sababu wawili wa umri mmoja hawakai pamoja. Wale majitu ya mbele wanaomkinga huwa wanne au watano, maana hukomaa taratibu na huumia sana. Kwa kila nafasi naandika majina matatu. Kwa kwotabeki naandika matano, kwa sababu wakianza kuchagua vyuo huanguka kama domino, na ndani ya wiki mbili soko limeisha.

Mbele ya kila jina kuna urefu uliopimwa na mtu wetu, wastani wa masomo, chuo kinachotuzidi, tarehe ya mazungumzo ya mwisho, na safu ninayoithamini kuliko zote: nani anaamua nyumbani. Jina lililokaa siku 10 bila mtu kuzungumza naye nalipaka rangi nyekundu. Lazima kocha anieleze kama tumemwacha au tumemsahau.

Nasisitiza urefu uliopimwa kwa sababu shule huongeza. Kijana anayeandikwa futi 6 na inchi 4, yaani sentimita 193, ukimvua viatu na kumsimamisha ukutani anarudi 188. Kwa mpokeaji haisumbui, lakini kwa mkingaji wa pembeni inaweza kumhamisha namba kabisa, ndiyo maana kwake napima na mikono, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole. Mbio za yadi 40, karibu mita 36.6, siziamini zikipimwa kwa saa ya mkononi kambini. Natafuta matokeo yake ya riadha ya mita 100 yaliyochukuliwa na mashine. Ukiwa na muda wa mkononi tu, ongeza kama sekunde 0.24 ndipo ulinganishe.

Video fupi ya mbwembwe, ile ya dakika tatu au nne, inanisaidia kujua kama kuna haja ya kuendelea, basi. Baada yake naomba mechi mbili nzima, moja wapo waliyofungwa. Natazama anachofanya mpira ukiwa upande wa pili, anavyoinuka baada ya kuangushwa, na miguu yake robo ya nne. Ukitengeneza video ya mwanao, weka matukio matano bora mwanzoni, weka duara au mshale unaomwonyesha kabla mchezo haujaanza, na ondoa muziki wenye matusi. Sisi tunatazama bila sauti, ila mama wa kocha mkuu huenda akatazama nayo.

Sasa masomo. Hapa ndipo nimeona majina makubwa yakifutwa, na mara nyingi kosa lilifanyika miaka miwili kabla ya mtu yeyote kulitambua.

Daraja la kwanza la NCAA linataka masomo 16 ya msingi: Kiingereza miaka 4, hisabati 3, sayansi 2, mwaka 1 wa ziada katika mojawapo ya hayo matatu, sayansi ya jamii 2, na 4 mengine yanayotambuliwa. Wastani wa hayo 16 usipungue 2.3. Mtihani wa SAT au ACT wa kuingilia chuo si sharti tena tangu 2023. Mtego ni kwamba cheti cha shule kinaonyesha wastani wa kila kitu, ikiwemo mazoezi ya viungo, kunyanyua vyuma na usaidizi wa ofisini, ambako kila mtu anapata A. Kijana anakuletea cheti cha 3.1, ukitoa hayo anabaki na 2.2. Hapiti.

Nafanya hesabu kwa kalamu, siachii kompyuta. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Masomo 16 mara 2.3 ni pointi 36.8. Mwenye B nne na C kumi na mbili ana pointi 36, yaani 2.25, amekwama. Mwenye B tano na C kumi na moja ana 37, yaani 2.31, amevuka. B moja ndiyo tofauti. Kwa hiyo nikipata cheti cha darasa la 10 naona mapema ni somo gani la kurudia kiangazi, na namwambia mshauri wa shule kwa jina la somo. Kumwambia mtoto "jitahidi" hakusaidii mtu.

Kurudia nako kuna mlango unaofungwa. Kabla ya kuanza muhula wa saba, ambao ndio mwanzo wa darasa la 12, awe amemaliza masomo 10 kati ya 16, na 7 ya hayo yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 zinafungwa hapo hapo, huwezi kuzirudia tena kuongeza wastani. Kosa jingine ni kozi za haraka za mtandaoni za kufidia somo aliloanguka. Shule inazikubali, NCAA huenda isizikubali. Kila shule ina namba ya tarakimu sita, na kwa namba hiyo unaona orodha ya masomo yake yaliyoidhinishwa. Dakika kumi za kuangalia zinaokoa mwaka.

Kwa familia zetu zilizohamia Marekani kutoka Kongo, Kenya au Burundi kuna jambo la nyongeza. Saa ya miaka minne ya sekondari huanza mtoto anapoingia mwaka wa tisa wa masomo, popote duniani. Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza Nairobi, akafika Ohio akarudishwa darasa la 9, saa yake haijarudi nyuma. Matokeo ya kule yanahitajika, na aliyesoma kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nyarugusu anaweza kuchukua miezi kuyapata. Anzeni kuyatafuta akiwa darasa la 10. Ofa ya chuo ya kumsajili ikishafika mmechelewa.

Ofa yenyewe nayo ina utata wake. Chuo kinaweza kutoa ofa ya mdomo wakati wowote, ila ya maandishi inaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Agosti kabla ya darasa la 12. Kijana bora anaweza kuwa na ofa thelathini, na nyingi ni salamu tu. Mzazi mjanja anauliza swali moja: "Mwanangu akikubali leo, mtampokea leo?" Kocha akianza kuzungumzia kambi ya Juni au kusubiri tathmini, jibu ni hapana. Upande wetu, nimepigania sana tusitoe ofa za salamu. Zinatupa picha nzuri mtandaoni, halafu mwaka unaofuata kocha wa shule ile hapokei simu zetu.

Hali kadhalika ahadi ya mchezaji. Kwetu ahadi ni deni. Huku ahadi ya mdomo haimfungi yeyote mpaka karatasi. Travis Hunter, aliyeorodheshwa wa kwanza nchini katika kundi lake, alikuwa ameiahidi Florida State tangu 2020, na siku ya kusaini, Desemba 2021, akaenda Jackson State kwa kocha Deion Sanders. Baadaye alimfuata kocha wake Colorado na kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 2024. Mtu akishatuahidi, simu kwake zinaongezeka. Wenzetu ndiyo kwanza wanaanza kumwinda.

Ujumbe wa moja kwa moja kwa mchezaji unaruhusiwa kuanzia tarehe 1 Septemba ya darasa la 11. Usiku huo, saa sita kamili, simu ya kijana mkubwa inaingia mamia ya meseji zenye picha za jezi, na hasomi hata moja. Mimi namwomba kocha atume sentensi mbili zinazotaja tukio mahususi kwenye mechi yake ya Ijumaa iliyopita. Mama yake naye anatafutwa kesho yake, saa za watu wazima.

Mama, au bibi, au mjomba. Safu ile ya ubaoni haijazwi kwa kukisia. Swali ninalowapa makocha ni hili: "Siku ya kusaini, nani atakuwa ameketi mezani?" Ukitajiwa mwalimu binafsi wa mazoezi au wakala kabla ya baba, umejua mazungumzo yatakwenda upande gani. Kuna makocha wanaomkwepa wakala kwa sababu hawampendi, halafu wanashangaa kijana amehamia kwingine wiki ya mwisho.

Ziara rasmi, ile inayolipiwa na chuo, inaruhusiwa kuanzia Aprili ya darasa la 11, na nyingi zinabanwa kwenye wikendi za Juni. Ni usiku mbili. Chuo kimoja kinamwalika rasmi mara moja tu, kwa hiyo ukiivuruga hakuna ya pili. Anayetoka mbali nampa wikendi ya mwisho ya ziara za Juni, maana wengi hutangaza uamuzi mapema Julai na kumbukumbu ya mwisho ina nguvu. Makosa ya ziara yanafanana kila mahali. Picha za jezi zinakula saa mbili, na wazazi wameachwa wamekaa kwenye korido. Kocha wa namba ana wageni sita, kila mmoja anapata dakika kumi. Mwenyeji wake ni mchezaji anayegombea naye nafasi ileile. Ninachokilinda kwa nguvu zote ni dakika 40 za Jumamosi asubuhi, kocha na kijana na wazazi wake mbele ya video, kocha akionyesha mahali hasa atakapocheza. Picha zipewe nusu saa baada ya chakula.

Pesa imebadilisha yote. Haki ya mchezaji kulipwa kwa jina na sura yake ilianza tarehe 1 Julai 2021, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa. Kwa mwaka wa 2025-26 kikomo kiliwekwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo. Vyuo vikubwa vingi hupanga kama robo tatu kwa futiboli, sema milioni 15. Ukigawanya kwa 105 ni kama dola 143,000 kila mmoja, ila hakuna anayegawa sawa. Mikataba ya kampuni za nje inayofikia dola 600 au zaidi lazima iripotiwe na kukaguliwa kama ni biashara ya kweli, kwa hiyo msihesabu fedha hiyo kana kwamba iko mfukoni.

Ugumu ni kwamba shilingi ileile inamtaka pia mchezaji wa miaka 21 aliye kwenye portali ya uhamisho, orodha ya wanaotaka kuhama chuo, ambaye ameshacheza mechi 25 mbele ya macho yetu. Kocha anayehofia kazi yake atamchagua huyo kila siku, na simlaumu. Mimi hutenga fungu la wa sekondari mwezi wa Agosti na kuandika kila mtu kiwango chake cha juu, kabla mapenzi hayajaingia. Wiki ya mwisho mtu akitajiwa bei mara mbili ya hiyo kwingine, tunajua tayari kama tunafuata au tunamwacha. Asiye na kikomo kilichoandikwa analipa kwa hasira.

Kusaini hufunguliwa Jumatano ya kwanza ya Desemba, tangu 2024, na kwa bahati mbaya ni majira yaleyale makocha wanafukuzwa na kuajiriwa. Kijana aliyempenda kocha fulani anaamka kocha hayupo. Kinga pekee niliyoipata ni kila kijana kuwa na watu watatu anaowajua hapa, mmoja wao asiwe kocha.

Jumatatu ya wiki hiyo nakagua mambo madogo: jina kwenye karatasi limeandikwa kama kwenye cheti cha kuzaliwa, barua pepe ya mzazi inafunguka, mzazi anayefanya zamu ya usiku ghalani ataamshwa na nani. Jina la pili kwa kila nafasi limeshaambiwa ukweli na kocha kwamba ni la pili. Wengine hukasirika na kwenda, wengi hubaki. Jumatano ikifika saa nne asubuhi karatasi ya wa kwanza haijaingia, kocha anampigia wa pili, na mimi nafungua orodha ya darasa la 11.