Dawa nyekundu imetoka udongoni

Mgonjwa akiiona doksorubisini, dawa ya saratani, mara ya kwanza, swali halichelewi. Ni nyekundu kama juisi ya rosela. Naisukuma taratibu kwenye mshipa huku dripu ikitiririka, na macho yangu hayabanduki kwenye kanula, kile kimrija kilichoingia mshipani, maana dawa ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama. Juzi dada mmoja mwenye saratani ya titi akaniuliza, "Sista, shangazi anasema niachane na kemikali zenu nitumie dawa za asili. Unaonaje?"

Nikamwambia hii nayo ni ya asili. Miaka ya 1950 watafiti wa kampuni ya Farmitalia walichukua udongo karibu na ngome ya kale ya Castel del Monte, kusini mwa Italia, wakakuta humo bakteria anayetoa rangi nyekundu, Streptomyces peucetius. Kwake ilipatikana dawa ya saratani iitwayo daunorubisini, na baada ya kumbadilisha vinasaba, doksorubisini. Jamaa zake ndio wanaoupa udongo ile harufu ya mvua za kwanza. Ukoo huohuo umetupa daktinomaisini, tunayowachoma watoto wenye saratani ya figo, na bleomaisini, dawa nyingine ya saratani, aliyoigundua Hamao Umezawa huko Japani.

Akabaki ananitazama. Ila sikutaka aondoke akiamini kuwa kinachotoka ardhini hakidhuru. Doksorubisini hujipenyeza kwenye DNA, yaani vinasaba vya seli, seli ikashindwa kugawanyika, na haiishii kwenye saratani: nywele hunyonyoka, mdomo huota vidonda, chembe nyeupe za damu hushuka. Moyo nao unaweza kuumia. Ndiyo maana tunaupima kwa eko, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti, na kila dozi inajumlishwa kwenye faili, kwa kuwa ina kikomo cha maisha yote. Vikombe vya dawa za mizizi anavijumlisha nani?

Kinachonishangaza zaidi ni huyo bakteria. Hafi kwa sumu yake mwenyewe, kwa sababu ana pampu ya kuitoa nje. Seli za saratani nazo huweza kuwa na pampu za kazi hiyo, na hapo dawa iliyokuwa ikipunguza uvimbe huanza kushindwa. Ndipo daktari hubadilisha dawa.

Kama kuna mizizi unakunywa nyumbani, tuambie kabla ya sindano, hatutakugombeza. Doksorubisini huondolewa mwilini hasa na ini, na baadhi ya mizizi huliumiza ini hilohilo.